Hrœrek, Mfalme Mdogo katika Saga ya Olaf

Aghalabu msomaji wa tarikh za wafalme humfuata yule aliye mkubwa. Huenda naye kutoka vita mpaka vita, hufurahi naye apatapo, huhuzunika naye akosapo. Na wale wadogo wanaoangushwa njiani huwahesabu kuwa mawe yaliyoondolewa barabarani ili msafara upite. Saga za watu wa Kaskazini ya Ulaya husomwa na wengi kwa njia hiyo. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa katika saga moja mashuhuri mfalme mdogo amepewa kazi kubwa kuliko cheo chake, na kwamba asiyemtazama huyo vizuri hawezi kumfahamu hata yule mkubwa.

Saga ni hadithi ndefu za nathari zilizoandikwa kwa lugha ya watu wa Aislandi, hasa katika karne ya 13 na ya 14. Nyingine husimulia habari za wakulima na magomvi ya koo zao, nyingine habari za wafalme wa Norwe. Katika hizi za wafalme, kitabu kilichopata sifa kupita vyote ni Heimskringla, ambacho wataalamu humnasibishia Snorri Sturluson (1179–1241), mtu wa Aislandi aliyekuwa mkuu wa watu, malenga, na msema-sheria wa baraza kuu la nchi yake. Kitabu hicho kilitungwa takriban mwaka 1230, nacho chaanza na visa vya kale kabisa na kufika mwaka 1177. Sehemu yake iliyo ndefu kuliko zote ni saga ya Olaf Haraldsson, aliyerejea Norwe mwaka 1015 kudai ufalme, akauawa mwaka 1030, na baadaye akatukuzwa kuwa mtakatifu wa nchi ile. Ndani ya saga hiyo ndimo tunamokutana na Hrœrek.

Hrœrek alikuwa mfalme katika Hedmark, jimbo la bara lenye mashamba mema kando ya ziwa la Mjøsa. Neno mfalme lisitudanganye. Katika nyanda hizo za juu wafalme walikuwa wengi, kila mmoja na bonde lake au kipande cha jimbo, na wengi wao walijihesabu kuwa wa kizazi cha Harald mwenye Nywele Nzuri, ambaye saga zamtaja kuwa ndiye wa kwanza kuishika Norwe yote. Hrœrek na ndugu yake Hring walitawala Hedmark. Olaf naye alijihesabu wa kizazi hicho hicho. Kwa hiyo, tangu mwanzo, ugomvi tutakaousoma ni ugomvi wa jamaa.

Mara ya kwanza tunamsikia Hrœrek barazani. Olaf amekwisha kufika kutoka ng'ambo, na Sigurd Syr, mume wa mama yake, amewaita wafalme wa nyanda za juu ili wamsaidie kijana huyo kuupata ufalme. Hrœrek ndiye anayesema kwanza, na usemi wake ni historia nzima ya nchi kwa maneno machache. Anawakumbusha wenzake jinsi watu walivyochoshwa na wana wa Gunnhild, hata wakaona afadhali kutawaliwa na mfalme mgeni, kwa kuwa mgeni hukaa mbali, hutosheka na kodi yake, na huwaachia watu desturi zao. Kisha Hakon alipopata nguvu akawa mkali, watu wakamwua. Wakamwinua Olaf Tryggvason, mtu wa damu yao wenyewe; naye alipojiona imara hakumwachia mtu yeyote uhuru wa nafsi yake, hata wa kumchagua mungu wa kumwamini. Sasa, asema Hrœrek, tuna urafiki na mfalme wa Denmaki, tunajitawala, tunakaa raha. Wala hajui kama haki yake itazidi kwa kuwa na jamaa yake juu ya nchi.

Hring ndugu yake anamjibu. Yeye aona bora jamaa awe mfalme wa Norwe, ukoo upate kuinuka tena. Na Olaf akishinda kwa msaada wao, hatakosa kuwakumbuka. Twaweza kusema kwamba ndugu hawa wawili wanashindana kwa mithali mbili tuzijuazo. Hring ashika ile isemayo kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hrœrek aijua ile ya fimbo ya mbali kuwa haiui nyoka, walakini yeye aigeuza: kwa kuwa fimbo hiyo iko mbali, ndiyo sababu aitaka. Baraza likamfuata Hring, na Olaf akapata msaada.

Hapa yafaa tumwangalie mtungaji. Saga hii yamtukuza Olaf, na msomaji wa zamani ajua tangu ukurasa wa kwanza kuwa asomaye habari zake atafika kwenye kaburi la mtakatifu. Lakini kabla Olaf hajapata nchi, hoja iliyo nzito kuliko zote dhidi ya utawala wa mtu mmoja imewekwa kinywani mwa mfalme wa jimbo, nayo imewekwa kamili, bila ya kupotoshwa wala kudhihakiwa. Hring amejibu kwa tumaini; Hrœrek alisema kwa mifano ya mambo yaliyokwisha kutokea. Mizani haikulingana, na mtungaji hakufanya lolote kuilinganisha.

Miaka michache baadaye Olaf akapita katika nyanda za juu akiwalazimisha watu kuifuata dini mpya, na waliokataa aliwaadhibu kwa kuwafukuza, kuwakata viungo, au kuwaua. Wafalme watano wakakutana kwa siri huko Ringsaker. Hrœrek akasema tena wa kwanza: mambo yamekuwa kama alivyokisia siku ile walipokuwa na hamu ya kumwinua Olaf. Sasa wana njia mbili, kwenda kwake na kumwachia ahukumu apendavyo, au kumwinukia upesi kabla hajaenea. Msomaji hutazamia kuwa mtu huyu mkaidi atachagua vita. Kinyume chake, Hrœrek ashauri wasijaribu kushindana na bahati ya Olaf. Maana watu wengi walio sawa, kila mtu na shauri lake, mara nyingi hushindwa na mmoja aliye peke yake juu ya jeshi lake. Aliyewachochea kupigana ni Gudrød, mfalme wa mabonde ya kaskazini.

Habari zikamfikia Olaf. Akavuka ziwa usiku, na kabla ya mapambazuko akawakamata wote watano. Hring na wengine wawili wakafukuzwa nchini. Gudrød akakatwa ulimi. Na Hrœrek, kwa sababu Olaf alimwona kuwa mtu mwenye akili na moyo mgumu, asiyeweza kuaminiwa akibakiwa na chembe ya mamlaka, akapofuliwa macho yote mawili na kuwekwa nyumbani mwa mfalme. Mtungaji hatii neno lake juu ya adhabu hizo. Hata hivyo msomaji mwangalifu hakosi kuona ya kuwa aliyewashawishi wenziwe ndiye aliyeondolewa ulimi, na aliyeona mbele kuliko wote ndiye aliyeondolewa macho. Baadaye, saga yasema, Olaf peke yake akawa na jina la mfalme katika Norwe.

Kama Hrœrek angekuwa jiwe la barabarani tu, hadithi yake ingekwisha hapo, kama ilivyokwisha ya Gudrød. Lakini sasa ndipo inapoanza. Olaf alimkalisha karibu naye, akamlisha na kumvika si chini ya vile alivyokuwa akijilisha na kujivika mwenyewe. Kipofu akanyamaza, na akiulizwa alijibu kwa ukali na kwa ufupi. Akawapiga watumishi aliopewa mpaka kila mmoja akakataa kazi. Na mwisho akapewa Svein, aliyekuwa jamaa yake, jambo ambalo bila shaka ndilo alilolitaka. Akaanza kuchangamka, akamvuta Svein kwa ahadi za cheo, akamtuma amwue mfalme. Siku ilipofika Svein akasimama na jambia chini ya joho. Olaf akamkazia macho usoni, naye akageuka rangi kama maiti, mkono ukalegea, akaanguka miguuni akikiri. Olaf akamwacha aondoke nchini na roho yake.

Baada ya hapo Hrœrek akatengwa katika nyumba yake mbali, huko Tønsberg, pamoja na walinzi. Akawanywesha pombe ya asali kwa ukarimu wa kifalme, na usiku mmoja walipokuwa wamelewa, wawili miongoni mwao wakauawa uani, na kipofu akachukuliwa mpaka pwani penye chombo. Sigvat, malenga wa Olaf, aliamka usiku huo, akateleza uani katika maji aliyodhani kuwa ni matope, akarudi ndani akifanya mzaha, na penye taa akaona kuwa ni damu. Hakuna aliyethubutu kumwamsha mfalme kwa habari hiyo. Sigvat akaenda kumwambia mpiga kengele azipige kuwaombea waliouawa, ndipo Olaf akaamka mwenyewe. Hrœrek akafuatwa baharini, akarejeshwa.

Katika kurasa hizo hali ya msomaji ni ya kubabaika. Amwonea kipofu huruma kwa dhuluma aliyotendewa, amstaajabia kwa werevu wake, na papo hapo aona damu ya walinzi ambao kosa lao lilikuwa kukubali kinywaji. Mtungaji hamsafishi Hrœrek. Amtumia Svein kama kijana atumiavyo jiwe la kombeo, na Svein akivunjika hamlilii. Ukatili wake hautokani na dhuluma peke yake. Saga yaonyesha kuwa moyo mgumu alikuwa nao tangu zamani. Kwa hiyo aliyedhani kuwa tunaletewa shahidi wa uhuru, mwenye haki katika kila tendo, atakuwa amesoma nusu.

Kilele cha habari ni siku ya Sikukuu ya Kupaa. Olaf aketi kanisani, na kipofu ameketi karibu naye. Hrœrek amefunika uso kwa joho. Anyosha mkono, auweka begani pa Olaf, apapasa, na kumsifu kwa mavazi mazuri aliyovaa leo, akimwita jamaa. Olaf amwelezea sikukuu na kupaa kwa Kristo mbinguni. Hrœrek ajibu kwamba hayo hayashiki akilini mwake, ingawa akubali kuwa zamani mambo mengi ya ajabu yalitokea. Misa ikaanza. Olaf akasimama, akainua mikono, akainama kuelekea madhabahu, joho likamteleza nyuma ya mabega. Hrœrek akaruka upesi akamchoma kwa jambia. Kwa kuwa Olaf alikuwa ameinama, pigo likapasua nguo bila ya kugusa mwili. Akaruka mbele, pigo la pili likakosa, na kipofu akampigia kelele, akimtaja kwa jina la dharau la unene wake, kwamba leo amkimbia mtu asiyeona.

Ndipo mtungaji anatuambia kwa sentensi moja kwa nini mkono uliwekwa begani: Hrœrek alitaka kujua kama Olaf alivaa deraya chini ya nguo. Sentensi hiyo imecheleweshwa makusudi. Tulipoisoma mara ya kwanza habari ya mkono ule tuliuona mkono wa mzee aliyeanza kuzoea, anayetafuta jambo jema la kumwambia jamaa yake siku ya sikukuu. Maneno yalikuwa ya jamaa na mguso ulikuwa wa jamaa. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya kifo. Na je, si ndivyo Olaf naye alivyomtendea yeye? Kiti, chakula, mavazi, heshima mbele ya watu, vyote vilikuwa vya jamaa, na ndani yake mlikuwa na kifungo. Mfalme mdogo amemrudishia mfalme mkubwa ukarimu wake kwa kipimo kile kile. Hiyo ndiyo kazi ya Hrœrek katika saga: yeye ni kioo alichowekewa Olaf mezani pake, na hana namna ya kukigeuza.

Wako watakaosema kuwa maana ya mkasa huu ni nyepesi zaidi: kipofu asiyeifahamu imani ashindwa kanisani na mfalme mwaminifu, na kuinama kwake kusali ndiko kulikomwokoa. Maana hiyo imo, wala haifai kuikana. Msomaji wa karne ya 13 aliiona bila ya kufundishwa. Lakini saga haikuishia hapo. Watu walipomhimiza Olaf amwue Hrœrek, wakisema kuwa kumweka hai ni kuijaribu bahati, alijibu kuwa aliwashinda wafalme watano kwa asubuhi moja na kuzitwaa nchi zao bila ya kulazimika kumwua hata mmoja, nao wote walikuwa jamaa zake. Na sasa hajui kama Hrœrek atamlazimisha. Katika jibu hilo mna fahari, na mna hofu. Olaf ataka ushindi usio na damu ya ukoo mikononi mwake. Macho ya Hrœrek hayamo katika hesabu yake, wala ulimi wa Gudrød. Mtungaji hasemi kuwa hesabu ina kasoro. Ametosheka kumkalisha kipofu mahali ambapo kila mtu ataiona.

Njia ya kutokea ikapatikana kwa kichekesho. Thorarin Nefjolfsson, mtu wa Aislandi mwenye sura mbaya na ulimi mwepesi, alilala chumba kimoja na mfalme. Olaf akaona mguu wake nje ya nguo za kitandani, akasema kuwa mjini hamna mguu mbaya kuliko huo. Thorarin akaweka sharti kuwa upo, akatoa mguu wake wa pili, uliopungukiwa na kidole gumba. Mfalme akaamua kuwa wa kwanza ndio mbaya zaidi, kwa kuwa una vidole vitano vya kuchukiza na huu una vinne tu. Aliyeshinda sharti alikuwa na haki ya kuomba jambo, na ombi la Olaf likawa Thorarin amchukue Hrœrek Greenland. Jambo ambalo askofu, walinzi na majambia hayakuweza kulimaliza, likamalizwa kwa mzaha juu ya vidole vya miguu. Wasomaji wengine huona hapo saga imeshuka. Mimi naona kuwa imekaa sawa na tabia yake, kwani hupenda kuwapitisha wakubwa katika mlango mdogo.

Upepo haukuwafikisha Greenland. Walitua magharibi ya Aislandi. Majira ya baridi ya kwanza Hrœrek aliyakaa kwa Thorgils Arason huko Reykjahólar, ya pili kwa Gudmund Eyjolfsson, mkuu tajiri wa Eyjafjörður. Kisha akapelekwa katika shamba dogo liitwalo Kálfskinn, penye watu wachache. Huko akasema kuwa tangu alipouacha ufalme hakupata mahali palipompendeza kama hapo, kwa kuwa hapo ndipo alipoheshimiwa na wote zaidi. Majira ya joto yaliyofuata akapatwa na ugonjwa, akafa. Saga yaongeza kuwa ndiye mfalme pekee anayelala katika ardhi ya Aislandi.

Kumbuka, msomaji, ni nani waliosomewa maneno hayo kwanza. Aislandi haikuwa na mfalme. Ilitawaliwa kwa sheria na baraza la wakuu wake. Na mbele zaidi katika saga hii hii, Olaf amtuma Thorarin yule yule Aislandi kuomba apewe kisiwa cha Grímsey, kilicho baharini mbali kidogo na mdomo wa ghuba ya Eyjafjörður, ambayo kando yake ndipo liliposimama shamba la Kálfskinn. Gudmund, yule aliyemlaza Hrœrek nyumbani kwake, aelekea kukubali. Einar ndugu yake ndiye anayewazuia watu. Asema kuwa huenda mfalme huyu akawa mwema, lakini wafalme hutofautiana, wema na wabaya; anayetaka kuuhifadhi uhuru wa nchi asimpe mfalme ardhi wala kodi ya kudumu, ingawa zawadi za kirafiki si vibaya kumpelekea. Tena kisiwa hicho chaweza kulisha jeshi. Ombi likakataliwa.

Sikiliza jinsi Einar anavyosema, utamsikia Hrœrek: kumbukumbu ile ile ya wafalme waliokuwa wema mpaka walipopata nguvu, shaka ile ile juu ya urafiki wa mwenye enzi. Tofauti ni kwamba Einar alisikilizwa. Katika mpangilio wa kitabu, ndugu wawili wa Hedmark na ndugu wawili wa Eyjafjörður wamesimama wakitazamana. Huko nyuma baraza lilimfuata mwenye tumaini, huku mbele baraza lamfuata mwenye shaka. Katikati yao lipo kaburi la Kálfskinn.

Nisifahamike kuwa nadai Snorri alimtunga Hrœrek ili aitetee Aislandi. Yeye mwenyewe alikwenda Norwe mara mbili, alipokea vyeo huko, na maisha yake yalifungamana na wakuu wa nchi ile; wala saga yake haimkani Olaf. Tena yaliyofuata yanampinga Hrœrek nusu. Mwaka 1028 wakuu wa Norwe walimkubali Knut, mfalme wa Denmaki na Uingereza, yaani fimbo ya mbali. Mwaka 1030 wakulima wakamwua Olaf huko Stiklestad. Na utawala wa Svein mwana wa Knut ukawalemea kwa kodi hata wakajuta. Mgeni naye alijua kusogea karibu. Hoja ya Hrœrek juu ya wafalme wa jamaa ilithibitika. Tumaini lake juu ya wafalme wa mbali halikuthibitika.

Lakini mtungaji aliyeyajua hayo yote hakuliondoa neno la mfalme mdogo. Snorri aliuawa nyumbani kwake Reykholt mwaka 1241 na watu waliotimiza matakwa ya Mfalme Hakon wa Norwe, na kati ya mwaka 1262 na 1264 Aislandi ikaingia chini ya mfalme huyo. Waliokisoma kitabu chake baada ya hapo walikuwa raia wa mfalme wa mbali. Sheria yao ya zamani haikuwepo tena. Kitabu kilikuwepo, na ndani yake mtakatifu na kipofu wakikaa viti viwili vya jirani. Ufalme mmoja ulikuwa na faida zake, na saga yazitaja: amani, sheria moja, wezi kuogopa. Gharama yake pia imetajwa, kwa jina na kwa mahali pa kaburi.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeisoma saga ya Olaf asiziruke kurasa za Hrœrek kwa haraka ya kufika Stiklestad. Amwulize Olaf maswali yake mbele ya mtu huyu, maana ndiye aliyekalishwa hapo ili tuulize. Na akifika Kálfskinn atue kidogo, asome vizuri sababu iliyomridhisha kipofu katika shamba lile dogo. Hakurudishiwa macho, wala nchi, wala ndugu. Watu wachache walimheshimu, na hakuna aliyekuwa akimlinda.